Mchawi wa Toleo Maalumu

Kila toleo jipya la ile sinema lilipofika Mpanda, Mwalimu alikuwa miongoni mwa wanunuzi wa kwanza. Habari ilimfikia kabla hajaitafuta. Mtu alimsimamisha nje ya kanisa baada ya misa, au kwenye foleni ya mashine ya kukoboa, akamwambia huku anacheka, "Mwalimu, umetoka tena." Yeye hakucheka. Aliuliza tu, "Wameandika nini safari hii?" Akishatajiwa maneno ya kwenye kava, alichukua mwavuli wake, akaenda kwenye maduka ya CD karibu na stendi, akarudi na ile CD ameifunga kwenye ncha ya kanga. Alilipita geti lake bila kuingia, akaja kwangu, kwa sababu mimi nilikuwa na deki.

"Mama Kulwa, niwekee."

Nilimwekea. Alikaa kwenye kigoda, kochi alikuwa halitaki, akatazama sinema yote kimya, mikono juu ya magoti. Sidhani kama alikuwa anaiangalia. Alikuwa anasubiri iishe. Mwishoni watu walikizunguka kibanda cha yule bibi mchawi, moto ukawashwa, moshi ukajaa kwenye skrini, na majina ya waigizaji yakaanza kupanda. Mwalimu aliyaacha yapande yote hadi skrini ikawa nyeusi. Ndipo aliposema, "Hawajanirudisha."

Akaitoa CD, akairudisha kwenye kava lake, akaenda kwake kupika.

Bibi mchawi wa kwenye ile sinema alikuwa yeye.

Jina lake sitalitaja, na sinema yenyewe sitaitaja, maana imeshatajwa vya kutosha. Mtaa wetu wote wa Majengo ulimwita Mwalimu, na walimu wengine wa mji huu ilibidi waitwe kwa majina yao ili watu wasichanganye. Alikuwa na chekechea katika chumba kimoja kilichoshikana na nyumba yake, ukuta kwa ukuta na uwanja wangu. Asubuhi nilikuwa naamka na sauti za watoto wakiimba irabu, na harufu ya uji. Wanangu pacha walisoma hapo. Baadaye mjukuu wangu naye akasoma hapo.

Alikuwa amezoea watoto kiasi kwamba hata sisi watu wazima alituweka katika darasa lake. Siku moja kwenye mashine ya kukoboa wanaume wawili walianza kugombania foleni, wakafika mahali pa kushikana mashati. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya gunia lake. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Tukae vizuri. Mikono kifuani." Mmoja wao, baba mzima mwenye ndevu, alikunja mikono kifuani kabla hajajua anafanya nini. Watu walicheka, na ugomvi ukaishia hapo. Safari nyingine alikuja ofisa mmoja kukagua vyoo, akaingia uwanjani bila hodi na kuanza kuuliza maswali. Mwalimu alimtazama, akamwambia, "Baba, rudi nje, uanze upya." Yule ofisa alirudi nje, akapiga hodi, akaamkia, akakaribishwa na kikombe cha uji. Nimemwona mara nyingi baada ya hapo, na kila akipita alikuwa anaamkia kutokea barabarani.

Macho yake yalikuwa mekundu. Ni lazima niliseme hili, kwa kuwa mambo mengi yalianzia hapo. Alikuwa anapika uji wa watoto kila siku kwa kuni, kwenye jiko la mafiga lililokuwa ndani ya kibanda kifupi kisichotoa moshi vizuri. Moshi ukimaliza, vumbi la chaki lilipokea. Hospitali walimpa dawa ya matone, akaitumia mpaka ikaisha, akarudi kwenye moshi. Nilimshauri atumie mkaa. Alisema uji wa mkaa hauna ladha, watoto wataujua. Basi macho yakabaki hivyo hivyo, mekundu, yenye maji, hasa asubuhi.

Mambo ya uchawi aliyacheka. Wazazi wakija kumwambia mtoto hajaja shule kwa sababu amerogwa, aliuliza kwanza kama mtoto ameharisha, na amekunywa maji ya wapi. Hata hivyo mwenyewe hakumpa mtu chumvi jua likishazama. Nilimuuliza kwa nini. Alifikiri, akasema, "Mama alinikataza." Nikamwambia hiyo si sababu. Akasema, "Kwangu inatosha."

Na alikuwa anapenda kuonekana. Hilo nalo ni lazima niliseme, maana watu wakimsimulia sasa wanamfanya mtu aliyeonewa tangu mwanzo, kama aliyekamatwa akalazimishwa. Hapana. Mwalimu alipenda picha. Kwenye harusi alijipanga mbele. Kwenye michezo ya kanisa, ya Krismasi na ya Pasaka, alitaka nafasi yenye maneno mengi, na akipewa nafasi ya kusimama tu alinuna hadi Jumapili iliyofuata. Sinema ile ilipotoka mara ya kwanza, alilibandika kava lake ukutani sebuleni, chini kidogo ya picha ya Bikira Maria, na mgeni asipoliona aliulizwa, "Huo ukuta wangu umeuonaje?"

Aliingia kwenye sinema hivi. Kijana mmoja wa hapa hapa mjini, aliyekuwa amekaa Dar es Salaam miaka kadhaa, alirudi na kamera. Sisi tulimwita Dairekta, kwanza kwa utani, halafu likawa jina. Alikwenda chekechea asubuhi moja kuomba watoto wa kuigiza. Alimkuta Mwalimu anawasimulia hadithi ya fisi aliyealikwa harusini, anafanya sauti ya fisi, sauti ya bwana harusi, sauti ya mama mkwe anayejua kuna jambo lakini haoni ni nini. Dairekta alisimama mlangoni mpaka hadithi ikaisha. Watoto aliowafuata akawasahau. Alimwomba Mwalimu.

Hadithi ya sinema ilikuwa ya bibi mmoja anayeishi peke yake katika kijiji ambacho watoto wanaanza kufa. Watu wanamshuku yeye. Iliuzwa kwa sehemu mbili, CD mbili tofauti, kama zilivyokuwa zinauzwa sinema nyingi za wakati ule. Sehemu ya Kwanza iliishia watu wamefika mlangoni kwa bibi na mienge. Sehemu ya Pili ilionyesha kwamba maji ya kisima ndiyo yaliyokuwa na sumu. Jirani mwenye tamaa ya shamba la bibi alikuwa ametupa humo makopo ya dawa ya wadudu wa tumbaku. Kibanda kinachomwa, lakini bibi anatolewa akiwa hai, na kijiji kizima kinakuja kumwomba radhi.

Ile sehemu ya radhi tuliipigia picha kijijini Kakese, kwenye kisima, na watu wa kijiji walikuwa ni sisi watu wa Majengo. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanne tuliobeba kiti alichokalia. Mama wa mtoto aliyekufa alipiga magoti, na Mwalimu alimshika mkono na kusema, "Inuka, mwanangu. Magoti ni ya Mungu." Maneno hayo hayakuwa yameandikwa. Aliyatoa mwenyewe. Dairekta hakusimamisha kamera.

"Pale ndipo niliposema nimeigiza," aliniambia baadaye. "Kule kwingine nilikuwa natisha watu tu. Kutisha watu hata mbwa anaweza."

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba wengi walinunua Sehemu ya Kwanza, na ya Pili hawakuinunua. Vijijini ndiyo kabisa. Mtu alikuwa na ile CD moja, anairudia, na bibi amebaki mlangoni na hatia yake. Mwalimu alilichukulia kama jambo la kawaida. Alisema, "Watasikia mwisho kwa wenzao."

Halafu likatoka toleo la kwanza la DVD. Liliandikwa *Toleo Maalumu*, sehemu zote mbili ndani ya sahani moja. Mwalimu alifurahi sana. Alikuja kwangu amevaa vizuri, na alikuwa amewaalika mama wawili wa jumuiya ya kanisa. Tukaweka. Kisima hakikuwepo. Kiti hakikuwepo. Walichukua moto wa Sehemu ya Pili wakaubandika mwisho wa Sehemu ya Kwanza, na majina yakaanza kupanda juu ya majivu. Mama wa jumuiya walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyo. Mwalimu aligeuka akanitazama. Ndiyo siku ya kwanza aliposema, "Hawajanirudisha."

Baada ya hapo hawakukoma. Kukaja *Toleo Jipya Lililoboreshwa*. Uboreshaji wenyewe ulikuwa ngurumo za radi na macho ya Mwalimu kupakwa wekundu wa kompyuta juu ya wekundu wake. Kukaja *Toleo la Kumbukumbu*, ambalo kavani waigizaji wengine wote walikuwa wameondolewa, amebaki yeye, uso umejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Kukaja toleo lililoandikwa *Kamili, Bila Kukatwa*. Hilo alilinunua kwa matumaini kuliko mengine. "Wamesema bila kukatwa, Mama Kulwa. Wenyewe wameandika." Lilikuwa lile lile, limeongezewa mbio za watu porini zilizokuwa zimetupwa hapo mwanzo kwa kuwa zilikuwa hazina maana.

Nilimwambia aache kununua. Nilimwambia ni watu wanaopika chai kwa majani yale yale, wanabadilisha birika. Alikubali kwa mdomo. Toleo lililofuata alilinunua. Kila mara waliandika kavani kwamba kuna kitu hakijawahi kuonekana, na yeye alijua kipo kitu ambacho watu hawajakiona, tena alikuwemo ndani yake. Angewezaje kuacha?

Mwisho likaja toleo lenye sauti ya mtafsiri, Kisukuma juu ya Kiswahili. Hilo lilienda mbali kuliko yote. Lilikuwa kwenye flashi, kwenye kadi za simu, kwa wachungaji porini. Na Mwalimu alikuwa na shamba upande wa Sibwesa.

Shamba lile aliachiwa na marehemu mumewe. Kila msimu, likizo ikianza, alikwenda kule akakaa kwenye nyumba ndogo ya udongo, akalima mahindi na mpunga. Jirani yake alikuwa Baba Masanja, mfugaji wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini zamani kidogo, mtu mpole, mrefu. Ndiye aliyemlimia kwa ng'ombe, na mkewe alikuwa anakuja kunywa chai kwa Mwalimu karibu kila jioni. Waliishi vizuri. Mtoto wao Masanja alijifunza kusoma kwa Mwalimu, kwa kuandika mchangani na kijiti.

Msimu ule Mwalimu alifika, na watoto wa Baba Masanja wakamkimbia. Mke alikuja chai mara moja, akakaa karibu na mlango, akanywa nusu kikombe. Wiki zikapita. Mtoto wa familia nyingine akashikwa na homa, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Baada ya mazishi, mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano, mchana, kwenye senta ya kijiji, na Mwalimu akaitwa.

Haya alinisimulia yeye, na Baba Masanja alinisimulia vile vile alipokuja mjini, kwa hiyo nayaamini.

Hawakumpigia kelele. Alisema bora wangepiga kelele. Walimwambia kwa adabu kwamba watu wana wasiwasi. Akawaeleza kuigiza ni nini. Akawauliza kama wamemwona fisi wa kwenye hadithi zake akija kula mbuzi. Wengine wakatabasamu. Alikuwa amekuja amejiandaa: ile CD yake ya zamani ya Sehemu ya Pili alikuwa nayo mkobani, aliichukua tangu Mpanda baada ya kusikia toleo la Kisukuma limefika kule. Mwenye kibanda cha video hapo senta, mwenye sola na skrini, akaiweka. Watu wote wakaingia, wengine wakasimama nje wakichungulia kwenye mianya ya mbao. Wakaona kisima. Wakaona makopo ya dawa ya tumbaku. Wakaona kiti, na mimi nimebeba mguu mmoja wa kiti. Wakamsikia akisema magoti ni ya Mungu.

Ilipoisha, mzee mmoja akaomba ruhusa ya kusema. Mkononi alikuwa na kava la toleo jipya.

"Mwalimu, tumeona. Lakini hiyo yako ni ya zamani."

"Ndiyo ya kwanza," Mwalimu akasema. "Hizi nyingine zimetoka humo."

"Hapa wameandika kamili, bila kukatwa. Hiyo yako haijaandikwa hivyo. Kwa hiyo iliyokatwa ni yako."

"Hiyo uliyoshika ndiyo iliyokatwa, baba yangu."

"Sasa mbona wameandika?"

Mwalimu alikuwa amewafundisha watu maisha yake yote kwamba kilichoandikwa kinasomwa kama kilivyo.

Ndipo mama mmoja akasema kutoka nyuma, kwa sauti ndogo, "Tumemwona anachomwa. Tumeona majivu. Na huyu hapa amekaa." Mwalimu alisema hapo ndipo alipoogopa, kwa sababu alitazama nyuso zao akaona kwamba kwao lile lilikuwa jambo zito kuliko yote yaliyosemwa. Mtu aliyechomwa moto mbele ya macho yao, mara nyingi, katika kila toleo, na kila mwaka anarudi kulima.

Baba Masanja alimpeleka barabarani asubuhi iliyofuata kwa mkokoteni wa ng'ombe. Karibu na lami akawasimamisha ng'ombe. "Mayu," alimwita, kama wanavyomwita mama kwao, "mimi najua ni maigizo. Lakini mimi ni mmoja. Msimu ujao usije." Mavuno yalipofika, alimletea mpunga wake wote hadi Majengo, hakupunguza hata debe. Alikaa uwanjani kwangu akinywa maji, akamwamkia Mwalimu kwa heshima, na hakuingia ndani.

Mwalimu alimtafuta Dairekta. Tulimkuta amenenepa na ana studio ya kupiga picha za harusi. Alimpokea vizuri sana, alimpisha kiti chake mwenyewe. Nilikwenda naye, nilisikia.

"Mama, mimi mwenyewe nashangaa kama wewe. Napita sokoni nakuta wametoa tena. Nilimuuzia msambazaji mara moja, yeye akauza kwa mwingine. Sijui hata sasa iko kwa nani."

"Na kisima kilikwenda wapi?"

Alijikuna shingo. "Walisema CD moja inauzika kuliko mbili, kwa hiyo ilibidi wapunguze. Wakapunguza mwisho. Watu hawanunui msamaha, Mama."

"Waliuziwa lini wakaukataa?"

Dairekta aliona haya, nilimwona. Baada ya siku chache alikuja na wazo. Amempata mtu wa yule msambazaji kwa simu, wanaandaa toleo lingine, na wamekubali kuweka mahojiano na Mwalimu mwishoni. Atasema mwenyewe yeye ni nani. Watu wataona chekechea, wataona watoto, mambo yataisha.

Mwalimu alilifikiria hilo jambo usiku mzima, akakubali. Siku ya kupiga picha alivaa kitenge chake cha bluu, aliosha macho kwa maji baridi mara nyingi, akakaa mbele ya ubao. Nilisimama nyuma ya kamera. Aliongea vizuri, polepole, kama anavyoongea siku ya kufungua shule. Alisema, "Mimi ni mwalimu. Watoto wengi wa mji huu wamepita mikononi mwangu. Wengine leo ni manesi, wengine madereva, wengine wana watoto wao nao nimewafundisha. Ile sinema ni hadithi, na mwisho wake wa kweli ni msamaha." Dairekta alimshukuru akikaribia kutoa machozi. Sidhani alikuwa anadanganya.

Toleo lilipofika, kavani waliandika *Mchawi Azungumza*.

Tuliliweka kwangu, sisi wawili tu. Hatukulazimika kusubiri mwisho. Lilianza na tangazo: giza, radi, halafu uso wa Mwalimu, kitenge cha bluu kimefanywa cheusi, na sauti yake, ile ile ya upole, inasema, "Watoto wengi wa mji huu wamepita mikononi mwangu." Radi nyingine. Halafu sinema ikaanza. Manesi hawakuwemo. Msamaha haukuwemo.

Nilinyanyuka nizime. Alinizuia kwa mkono. Alitazama kidogo, akasema, "Sauti yangu wameitoa vizuri." Halafu akainuka akaenda kwake, na CD akaiacha ndani ya deki yangu. Siku zote alikuwa anaichukua.

Alikwenda kwa mwenye duka la CD pale stendi. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wake, alimwamkia kwa kupiga goti kidogo. Hakungoja kuambiwa. Aliyatoa makava yote ukutani, akayaweka chini ya meza. "Lakini Mwalimu," akasema, "hata nikifunga duka, iko kwenye simu za watu. Watoto wa shule wanayo." Mwalimu alimshukuru, akamwambia ayarudishe ukutani, asiharibu biashara yake kwa jambo lisilozuilika.

Wazazi waliwaondoa watoto kwa adabu. Hakuna aliyemtukana. Huyu alisema mtoto amepata nafasi shule ya Kiingereza. Huyu alisema bibi yake anataka akae naye. Mwingine hakusema kitu, mtoto akaacha tu kuja. Watu hawa walikuwa wamesoma hapo wenyewe, wanajua kusoma kwa sababu yake, na ukiwauliza walisema hawaamini mambo hayo. "Ni mke wangu ndiye anayeogopa," walisema wanaume. Wanawake walisema ni mama mkwe. Mwishoni alibaki mjukuu wangu na mtoto wa dereva mmoja mgeni. Aliwapikia uji kama kawaida, sufuria ile ile kubwa, kwa sababu alisema hana ndogo.

Nilimwambia, "Hamisha darasa, lete kwangu, watu waone." Akasema, "Ukinipokea wewe, watasema wewe ni wa pili."

Asubuhi moja hakukuwa na moshi. Funguo alikuwa amewaachia watu wa kanisa, na kwangu hakuaga. Lilinichoma hilo kwa muda mrefu. Nilidhani amenikasirikia kwa jambo nisilolijua. Kava lililokuwa chini ya Bikira Maria lilikuwa limebanduliwa, ukuta umebaki na mraba msafi.

Nilimwona tena mwaka juzi. Nilikuwa nimekwenda kununua mpunga upande wa Mpimbwe, kama ninavyofanya kila mavuno. Watu wa kule ni wakulima wa zamani, Wakatoliki wengi, wanakukaribisha hadi unasahau bei. Nilikuwa nasubiri magunia yashonwe kwenye uwanja wa nyumba moja, na upande wa pili wa njia palikuwa na mama mmoja amekaa kwenye mkeka anachambua karanga. Alikuwa amevaa miwani nyeusi mikubwa kama ya madereva wa bodaboda. Nilimpita na macho yangu. Yeye ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Mama Kulwa, umekonda."

Nilivuka njia. Nilitaka kumwamkia kama nilivyomwamkia miaka yote, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, akaniwahi.

"Hapa naitwa Mama Karanga."

Nikakaa naye mkekani. Nikamsaidia kuchambua. Aliniuliza pacha, aliniuliza mjukuu yuko darasa la ngapi, aliniuliza paa la kanisa limekwisha kuezekwa au bado. Alisema alipanga chumba kwa mjane mmoja, anauza karanga za kukaanga gulioni, Jumapili anakaa benchi la nyuma. Miwani alisema daktari amemwagiza avae. Kisha akasema hapana, hakuna daktari, amenunua tu.

"Kwa nini hukuniaga?"

"Ningekuaga, ungeuliza naenda wapi. Na wewe ungeulizwa na watu."

Tulichambua karanga.

"Wametoa tena?" aliniuliza.

Sikutaka kumdanganya. "Wametoa. Safari hii wanasema ni toleo la mwisho."

"Hata lile la kumbukumbu walisema la mwisho." Alipuliza maganda kwenye ungo. "Kisima kimo?"

"Sijaliangalia."

"Usiliangalie," akasema.

Akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni amefunikwa kanga hadi kichwani, anapumua kwa shida. Mkononi alikuwa na chupa ya dawa ya maji, imefungwa na karatasi yake. Alitoka zahanati, alisema, nesi alimweleza lakini kulikuwa na watu wengi, amesahau. Aliinyoosha ile chupa kwa Mama Karanga kwa sababu ndiye mkubwa aliyekuwa hapo.

"Bibi, hebu nisomee. Kijiko kipi, na mara ngapi."

Nilimtazama Mwalimu. Aliipokea chupa. Aliigeuza, maandishi yakawa kichwa chini miguu juu, akaishika hivyo mbele ya miwani.

"Mimi sikusoma, mwanangu," akasema. "Mpe mgeni huyu, ametoka mjini."

Akanipa. Vidole vyetu viligusana kwenye chupa, vyake vilikuwa baridi. Nilisoma kwa sauti, polepole, sikujitambua kwamba nasoma kama mtoto wa chekechea, nikivunja maneno: kijiko kimoja cha chai, mara tatu kwa siku, baada ya kula.

"Mara ngapi?" yule mama akauliza, akimtikisa mtoto.

Kabla sijajibu, mkono wa Mwalimu ulikuwa umeshanyanyuka, vidole vitatu vimesimama wima, juu, mahali ambapo darasa zima lingeviona. Vilikaa hapo. Halafu akaviona mwenyewe, akaushusha mkono taratibu, akaufunika kwa kitenge.

"Tatu," nikasema mimi.

"Asante, mama," yule mama kijana akaniambia, na akaenda.